Dakika ya Tano

Mhasibu anataka jibu kabla ya saa kumi.
Ameandika kwa kalamu nyekundu, kana kwamba mimi ni mtahiniwa:
"Toleo jipya, au la? Toa sababu."

Sababu ninazo, Bwana Muchoki,
ila hazikubali kukaa kwenye mstari mmoja.

Tuna kompyuta kumi na nne katika chumba kilichokuwa stoo ya mahindi;
hadi leo ukitikisa kibodi hudondoka fukusi aliyekauka.
Tatu zimekufa. Moja huwaka ikipigwa kofi ubavuni,
na anayejua mahali pa kupiga ni Lemashon peke yake.
Programu tuliinunua mara moja, miaka tisa iliyopita,
diski ndani ya kasha, ikawa yetu
kama sufuria inavyokuwa ya mwenye jiko.
Toleo jipya halinunuliwi. Hukodiwa.
Kila Januari litabisha hodi pamoja na karo,
na mwaka tutakaokosa litafunga mlango
kazi za watoto zikiwa ndani.

Hilo liandike kwanza.

Halafu kuna jambo la dakika nne.
Programu yetu kuukuu haivuki dakika nne.
Sijui kwa nini; fundi wa Luthuli pia hajui, ingawa alilipwa.
Filamu ikifika hapo picha huganda,
sauti hukwama kooni, skrini hugeuka buluu,
na darasa zima huguna
kama mashabiki waliokosa penalti.

Tumejifunza kuishi humo.
Watoto hawa wa Kayole wanajua kubana.
Kerubo alimsimulia mamake, muuza maji,
kwa vizibo vya chupa, akivisogeza na kuvipiga picha kimoja kimoja:
mtungi, foleni, bomba likikohoa hewa,
giza.
Dakika tatu, sekunde hamsini na tano.
Nimesoma vitabu vinene visivyojua kunyamaza vile.
Nami nimejivunia, nakiri,
nikiwaambia wageni wa wizara kuwa ufupi ndio mtindo wetu,
kana kwamba kasoro ya mashine
niliifundisha mimi kwa chaki.

Muuzaji alikuja Jumanne na tai ya zambarau.
Alituonyesha kwenye mashine yake, si yetu:
moshi, theluji, mvua isiyolowesha mtu.
Nikauliza, kazi za zamani zitafunguka?
"Nyingi," akasema, akitabasamu.
Neno hilo nimelala nalo siku tatu.
Ni kama daktari kukuambia wengi hupona.

Na kumbukumbu ya mashine zetu haitoshi,
kila moja itataka kadi mpya,
yaani mabati ya choo cha wavulana yasubiri tena.

Kipya kinyemi, walisema, ingawa kidonda.
Nikaanza kuandika "La".
Nilikuwa nimefika kwenye L.

Kerubo alikuwa nyuma, akifagia,
na zamu haikuwa yake.
"Mwalimu, ile filamu yangu haikuisha."
Nikamwambia iliisha, tena vizuri mno: bomba, giza.
"Hapo ni mashine iliyoishia.
Mama alipata maji siku ile. Usiku sana.
Akamwogesha kwanza mtoto wa jirani, mwenye homa,
ndipo akatuita sisi.
Nimeibeba kichwani tangu muhula wa pili.
Nina dakika ya tano."

Vizibo vilikuwa mfukoni mwa sketi. Nilivisikia.

Saa kumi kasorobo.
Hesabu haijabadilika, Bwana Muchoki,
bado ni mbaya.
Naomba leseni nne, mwaka mmoja, na kadi nne.
Ile mashine ya kofi iachwe na programu yake ya kale,
iwe kabati la kazi za jana.
Kuhusu mabati, najua. Nitakuja ofisini tugombane.

Uliniambia nitoe sababu.
Bomba lilikohoa, kisha likatoa maji,
na shule nzima haijui.