Alhamisi Isiyokuwa na Mvua

Tukuyu hatuhesabu siku za mvua.
Twahesabu zile chache ilipojisahau.
Kwa hiyo mume wangu aliposema,
ganda la ndizi likining'inia kwenye kisu,
"Alhamisi ile lilikuwa jua, Tusekile, tangu asubuhi,"
nilicheka.
Yeye hakucheka.

Nakumbuka mwavuli.
Wa kijani, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli,
umeegemea mlango wetu, unadondosha tone, tone,
na nyuma yake Subilaga, jino limelegea,
akisema Gwakisa amempiga tena kwa ajili ya hela ya chai,
akiomba alale kwetu hadi basi la alfajiri.
Nakumbuka nilimchemshia maji.
Nakumbuka namna Anyelwisye alivyomtazama
akikausha nywele kwa taulo langu:
si sana. Kidogo tu.
Kidogo cha mtu anayejizuia.

Baada ya hapo pana shimo.

"Hakufika hapa," asema. "Alipanda basi la Makambako,
kwa dada yake. Kila mtu anajua."
Na kweli, kila mtu anajua.
Sokoni wananieleza huku wakipanga viazi kwenye sado,
sauti ileile, maneno yaleyale,
kama watoto wa kipaimara mbele ya mchungaji.
Gwakisa peke yake hajui.
Ameshauza cherehani ya mkewe,
na jioni husimama kwenye ua wetu wa matete:
"Mama, hamjasikia lolote?"
Mdomo unaniuliza mimi.
Macho yanauliza mgomba.

Mimi ni karani wa mizani, kituo cha majani ya chai.
Nina daftari, na daftari halijaolewa,
halina wa kumficha.
Nikafungua.
Jumatano: mvua, kilo mia nne na kumi.
Ijumaa: mvua, kilo mia tatu tisini.
Alhamisi: jua kali.
Mwandiko wangu. Ile "j" yenye mkia mrefu
niliyochapiwa darasa la tatu na sikuiacha.
Ila wino ni wa bluu,
na mimi, tangu niajiriwe, naandika kwa mweusi.

Usiku hunipa nusu kidonge, alichonunua Mbeya mjini.
Hukikata kwa kisu kilekile cha ndizi.
Asubuhi huinama juu yangu: "Ugonile?"
Umelala?
Kwetu salamu ni swali,
nami huitikia "ndaga", nashukuru,
kwa usingizi ambao siwezi kuutolea ushahidi.

Jana alikwenda Kiwira. Nikafungua stoo.
Mabuti ya mpira, nyuma ya gunia la mbolea,
udongo mweusi umekauka hadi juu ya kifundo.
Nikasema: leo nimekushika.
Nikaingiza mguu nione yanavyompwaya mtu mdogo.
Hayakupwaya.
Namba thelathini na nane.
Mume wangu huvaa arobaini na tatu.

Na jembe, mpini wake umeoshwa,
umezungushiwa mpira wa baiskeli
pale mikono inapoteleza kukiwa na mvua.

Nikageuza kiganja.
Chini ya kidole cha pete, ngozi mpya, laini, ya waridi:
lengelenge lililopona.
Sijalima tangu nilipoolewa.

Alinikuta nimekaa sakafuni, mabuti bado miguuni.
Hakuuliza.
Alipiga magoti, akanivua moja, akanivua la pili,
kama unavyomvua mtoto aliyelala njiani,
akayapeleka bombani.
Nilisikia maji muda mrefu sana.

Miezi yote hii nilijua ananifuta.
Kuficha sikukuwaza.

Au nalo hili ameniandikia yeye,
kwa wino wa bluu?

Mgomba wa pembeni umezaa kabla ya wenzake,
mkungu mzito mpaka tumeutegemeza kwa gongo.
Jumapili, baada ya ibada, tulimkatia Gwakisa.
Aliupokea kwa mikono miwili.
"Ndaga," alisema, akanitazama mimi tu.
Mvua ilikuwa imekoma.
Au haikuwa imekoma.