Kabla Hujalipa

Lizunguke mara mbili, Mhina, usione haya,
piga teke tairi kama wanunuzi wote.
Mimi mshona mapazia wa Barabara ya Kumi na Mbili,
sijazoea kuuza nisichokishona,
basi nitakugeuzia hadi pindo la ndani.

Kimo chake kinadanganya.
Ukilitazama kwa mbele utadhani litapanda Amani
likipiga mluzi. Kupanda hupanda,
ila kila jiwe la njiani litalisalimia tumboni,
na kesho yake fundi Semkiwa, kule Gofu,
atakutandikia boksi chini ya injini
ulale uone mwenyewe bushi zilivyokwisha.
Si gari la porini, si teksi.
Popo: si ndege, si mnyama.

Mafuta hunywa kistaarabu
mpaka uwashe kiyoyozi;
hapo hunywa kama mgeni wa harusi
asiyejulikana upande wowote.

Nguzo ya kioo, hii ya kulia, nene.
Ilimficha mtu mzima na baiskeli yake
na mikungu miwili ya ndizi.
Nilifunga breki. Akanitukana taratibu,
kwa lafudhi nzuri, kama watu wa Tanga,
akaniuliza na habari za nyumbani.

Kutu imeanza hapa, ukingo wa mlango wa nyuma.
Nimeipaka rangi ya kucha.
Kwa mbali huoni.

Buti na mimi tumegombana miaka sita.
Linameza majora manne ya kitambaa,
linameza gunia la machungwa ya Muheza,
lakini fimbo ya pazia ya mita mbili na nusu
lazima ipite katikati ya viti
itokeze kichwa dirishani, imefungwa kitambaa chekundu,
nami naingia Raskazone kwa wenye madirisha makubwa
kama msafara wa mtu asiye na cheo.

Redio isahau. Masafa yake ya Japani,
yanaishia pale stesheni zetu zinapoanzia.
Utasikiliza bushi.

Sasa hukuniuliza ninachokipenda.

Kiti.
Kiti cha kushoto, hicho.

Mama alianguka uani, Duga, nyonga ikateguka.
Kwenye teksi ilimbidi ashuke
kama anayeingia kisimani.
Kwenye pikapu ya mjomba tulimpandisha watu watatu
kama gunia la mkaa, akalia,
na si maumivu yaliyomliza.
Hili lilipofika, alilipa mgongo, akakaa.
Basi. Kiti kilikuwa pale pale nyonga ilipo.
Nimeshona miaka ishirini na minane,
sijawahi kumkatia mtu nguo ikamkaa hivyo
bila kumpima.

Na ukiwasha, usishtuke:
kuna mwanamke humo ndani ya dashibodi,
anasema Kijapani, maneno yale yale, kwa adabu.
Semkiwa anasema anadai kadi fulani ya barabara za kwao,
anaweza kumnyamazisha, waya mmoja tu, elfu kumi.
Nilikataa.
Mama alidhani anaamkiwa.
"Marhaba, mwanangu," kila safari ya Bombo,
kliniki ya Jumanne, kliniki ya Alhamisi,
kisha ananigeukia: "Umesikia? Mtoto wa watu huyo.
Wewe hukuniamkia mpaka tumefika kwenye geti."

Huu mwezi wa nne kiti hakijakaliwa.
Naweka mkasi pale. Naweka futi ya kupimia.
Nikikata kona vinaanguka.

Bei uliyotaja inatosha,
sikuwa na nguvu ya kubishana.
Ufunguo huu hapa; sukuma kidogo ndipo uzungushe.

Umewasha.
Amesema.
Wewe umeshika usukani, mimi nimeshika mlango,
kila mmoja anamngoja mwenzake
aitikie.