Fundo la Pindo

Simu ya Shaame Kombo ilitoka Maskati ndani ya soksi,
zawadi ya kaka yake, kioo chake hukunjwa kama kitabu.
Miezi minne ya Wete ikaimaliza:
mstari mweusi katikati, toka juu hadi chini,
kama mtu kapaka wanja mkono ukitetemeka.
"Mize," kaniambia, "ifungue. Ikifa, imefia kwako."

Nikaifungua usiku, kwa bisibisi ya miwani, pumzi nimeizuia.
Ndani ya bawaba nikakuta mchanga wa Tumbe,
kikonyo cha karafuu, na kutu changa.
Waliochora kitu hiki, nikawaza, hawajapata kuanika karafuu.
Hawalijui jamvi, wala vumbi lake
linaloingia hata ndani ya yai.

Tangu usiku ule nachora.

Nachora nyuma ya risiti za umeme.
Sharti la kwanza sikulipima kwa rula, nililipima kwa mama:
simu ikifungwa, iingie kwenye fundo la pindo la kanga,
pale anapoweka noti ya elfu mbili na ufunguo wa kabati.
Sharti la pili: ikifunguliwa iwe pana,
uso wa dada yangu wa Salala uenee wote,
na kidevu,
maana mama kachoka kuzungumza na paji la uso.

Kati ya masharti haya mawili kuna mkunjo,
na mkunjo ndio kazi yote.

Samaki, wanasema, mkunje angali mbichi.
Haya. Na kioo je? Kioo kilikuwa kibichi lini?
Kilizaliwa motoni, kikatoka kizee.

Nilijaribu filamu ya eksirei ya mguu wa baba:
ikachanika kwenye goti.
Nilijaribu jalada la daftari: likapauka, likafa ganzi.
Nikamtizama mama akichoma manda za sambusa,
kila anayoitoa chumani huifunika kitambaa kibichi,
maana manda iliyopoa haikunjiki, inapasuka pembeni.
Kwa nini? nikamuuliza.
"Imenuna," kasema.
Nikaandika kwenye risiti: kioo kisinune.

Nikautizama mkeka. Mkeka haukunjwi, huviringwa;
ukiukunja, ukili unavunjika
na aliyeushona anakulaani kimyakimya.
Ndipo nikafahamu: pale katikati pasiwe na kona.
Kioo kizunguke, kiache uwazi mdogo tumboni,
mfano wa tone la maji kabla halijadondoka.
Na bawaba isiwe pingili moja, ziwe nyingi,
kama tasbihi: shanga hazikunjiki,
uzi ndio unaokubali.

Nikaiunda kwa mbavu za mwavuli.
Kila baada ya Isha nakunja, nakunjua,
nahesabu kwa tasbihi ileile, Mungu anisamehe:
tisini na tisa, nafunga kifundo kwenye uzi, naanza tena.
Mpwa wangu Ussi akishika zamu huruka namba.
Namjua kwa mdundo.

Huko viwandani wana mashine,
inakunja mara laki mbili bila kupiga miayo.
Mie nina kidole gumba.

Jana, ya elfu kumi na moja mia nne na sita,
tak.
Si sauti kubwa. Mama, chumba cha pili, kaisikia.
Kaja na kibatari, umeme ulikuwa umekwenda zake,
kapitisha ukucha juu ya ufa.
"Hii kunyanzi tu. Hata mie ninazo."
"Kunyanzi haizimi kioo, mama."
"Kwani mie siku hizi nawaka kote?"

Nikacheka. Uso nilioukunja wiki nzima
ukakunjuka wenyewe.

Asubuhi Shaame atapita kuulizia.
Nitamwambia mchanga nimeutoa, bado kioo.
Sitamwambia kwamba sikuutupa:
punje kumi na saba, kwenye kifuniko cha soda,
mbele yangu mezani, zinameremeta.
Bawaba ijayo nitaifungulia mlango
zipite hizi kwanza.