Vidole Vinne

Mwaka ule mabua sikuyachoma.
Kakuyuni nzima ilikuwa moshi,
na Mwaringa, shemeji yangu, kiberiti mkononi,
akasimama mpakani akaniita:
“Nyevu, shamba hilo halijasafishwa!
Au unalitandikia kitanda lije kulala?”
Nikamwambia, ndiyo, limechoka.

Sikuwa na hoja nyingine.
Nilikuwa na deni la mbolea, mgongo mbovu,
na kumbukumbu ya mvua ya Aprili
ilivyoshuka kwa hasira, nusu saa tu,
ikaubeba udongo mwekundu mbele ya macho yangu,
ikaupeleka Sabaki, na Sabaki ikaupeleka baharini
kana kwamba bahari ndiyo yenye njaa.

Nikatandaza.
Mabua kwanza, nimeyakata kwa panga,
halafu nyasi kavu za kando ya barabara,
halafu majani ya mkorosho, yale yanayolia kama karatasi.
Changawa, mwanangu, akauliza unene wake;
nikausimamisha mkono ubavu juu ya udongo: hapa.
Upepo wa siku ya pili ukachukua robo.
Mbuzi wa kwa Mbeyu wakala robo nyingine.
Mchwa nao wakafika bila kualikwa, na wakwe zao.
Nikakaa kwenye tuta nikacheka peke yangu,
kisha nikaenda kukata matawi ya mgunga,
miba na yote, nikayalaza juu.

Mvua ikaja, tukapanda,
mahindi yakachomoza,
na mvua ikaondoka pasipo kuaga.
Siku kumi. Siku kumi na nane.
Dumu la maji likapanda bei mara mbili.
Kwa Mwaringa ardhi ikapasuka
kama kisigino cha mtu asiyejua viatu;
kufika saa nne asubuhi majani yake yamejikunja
kama mikeka ya wageni waliokwisha ondoka.

Siku ya ishirini na tatu nikapiga magoti,
nikafunua matandazo, nikapenyeza mkono.
Baridi.
Udongo ukaning'ang'ania kucha,
na nyungunyungu mmoja akajivuta, ameudhika,
kama niliyemvua shuka.
Miaka arobaini na mmoja naitwa Nyevu;
siku ile ndipo nilipoushika unyevu
ukatulia kiganjani, haukukimbia.

Sisemi yalikuwa mavuno ya kupigiwa ngoma.
Magunia manne na debe. Mwaka wa nyuma, moja.
Panya walizaliana humo, sitaki kuficha,
na mahindi ya kona ya chini yaligeuka manjano:
mabua yanayooza hula kwanza,
mmea ukangoja zamu.

Msimu uliofuata, miche ikiwa ya goti,
usiku mmoja mbwa akabweka mara moja tu,
jinsi anavyombwekea mtu anayemjua.
Asubuhi rundo langu la akiba limepungua bega,
na vijiti vimedondoka njiani, kimoja kimoja,
bila aibu, hadi kwa Mwaringa.
Mabua! Kitu alichokuwa akiupa moto bure
sasa anakiiba gizani.

Sikuita mtu. Nikafuata vijiti.
Alikuwa ametandaza, kweli, kwa mikono ya haraka,
akayasukuma mabua hadi shingoni mwa miche
kama mtoto aliyefunikwa blanketi hadi puani.
Hivyo itaoza. Shina linataka kupumua.
Nikainama jua halijatoka,
mche kwa mche,
nikayarudisha nyuma matandazo, vidole vinne,
vidole vinne,
vidole vinne,
mpaka nikasikia mlango wake ukilia bawaba,
nikavuka mpaka kurudi kwangu
na umande wa shamba lake miguuni.