Theluthi

Kabla ya maji, karatasi.
Nataka kadi. Nataka daftari la mbizi,
tarehe uliyozama mwisho, kina, pango gani, na nani.
Insiya wa duka la dawa kaitoa yake kwenye pochi,
imetiwa plastiki kama picha ya harusi.
Nzaro, mwendesha winchi kule Kilindini,
kaisahau garini. Akacheka. Sikucheka.
Akaifuata na suti yake ya mpira,
jua la saa tatu likimchemsha.

Bahari ina wageni. Pango lina wenye ruhusa.

Kisha hesabu, tukiwa bado botini:
hewa ya mtungi ni mafungu matatu,
la kuingia, la kutoka,
na la tatu si lako,
ni la mwenzio, siku atakayokunyoshea mkono gizani.
Baba, aliyekuwa karani wa mirathi kwa kadhi,
alikuwa akitwambia mtu hausii zaidi ya theluthi,
mali iliyobaki ina wenyewe.
Niliyasikia maneno hayo nikila mkate wa mofa.
Nikaja kuyaelewa chini ya mwamba wa Nyali,
mita ishirini na mbili,
nikitazama mshale wa geji ya mtu mwingine.

Mlangoni yupo tewa mmoja, mnene, hahami.
Nafunga fundo la kwanza nje, kwenye nuru,
la pili ndani, nuru inapoanza kuwa deni.
Mama hushona kofia za viua;
uzi wake anaujua kwa ncha ya ulimi.
Mimi wangu naujua kwa kidole gumba na cha shahada,
duara dogo lisiloachia.

Ndani hakuna samaki wa kusifiwa.
Kuna jiwe, lile lile la matumbawe
lililojenga nyumba yetu ya Kibokoni,
basi ni kama kuogelea ndani ya ukuta
wa nyumba ambayo hakuna aliyeijenga.
Chini tope jepesi, unga wa muhogo;
ukipiga teke moja la ovyo
usiku unainuka wenyewe.

Kwenye koo la pango, mbele ya chumba cha mwisho,
mshale wa Nzaro ukagusa theluthi.
Nikainua dole gumba.
Juu ya nchi dole hilo ni poa, ni shwari.
Huku ni: tunarudi. Halijadiliwi.
Akanyoosha mkono: pale tu! Mapigo mawili!
Taa yake ikaingia chumbani
na haikugonga kitu.

Nami niliitazama ile taa.
Miaka sita nawaleta watu kwenye koo hili,
kila mara kuna mshale wa mtu unaotangulia,
mara mbili ulikuwa wangu.
Chumba hicho sijakiona.

Dole, tena.

Akageuka kwa hasira, na hasira ina mapezi marefu:
tope likainuka, taa zetu zikawa maziwa,
kisha zikawa si kitu.
Nikahisi mkono wa Insiya juu ya kiwiko changu,
ukabana mara moja: nipo.
Wa Nzaro ukachelewa.
Nikahesabu pumzi, maana kuzizuia ni marufuku.
Ya tano, ya sita.
Ukaja. Ukabana mno.
Tukaufuata uzi fundo kwa fundo,
vishale vya plastiki vikituonyesha nyumbani chini ya vidole,
hadi kitu kizito kikatupisha kwa uvivu:
tewa.

Botini Nzaro kaandika bila kuniangalia.
Dakika thelathini na tisa. Hewa iliyobaki.
Pale palipoandikwa "ulichokiona" akapaacha,
akanipa kalamu nitie saini.
Nikatia.

Jioni mama kauliza, kofia mapajani:
"Leo mumekiona?"
"Bado."
"Na wale watu?"
"Wote wawili wamekwenda makwao."
"Haya." Akaukata uzi kwa meno.
"Basi nitungie sindano hii, mwanangu.
Hako katundu mato yangu hayakaoni tena."