Toa Mbili

Novemba, Kutaisi, hita inakohoa,
nami namwaga jozi juu ya mkeka:
jozi za mti, siyo jozi za viatu,
ingawa Mzia amekwisha zipanga mbili mbili
na ile iliyokosa mwenzake
ameivika kofia ya karatasi.

Jana walihesabu hadi ishirini
bila kuikanyaga kumi na tatu.
Huiruka kila siku, kama kidato kilichooza.
Sikuwagombeza. Niliiandika kwa rangi nyekundu,
nikaibandika mlangoni,
kila anayeingia aiamkie.

Leo mtaala unasema: kutoa.
Nimevaa miwani, nimesafisha koo.
"Tsotne, una jozi saba. Toa mbili."
Tsotne, miaka mitano kasoro wiki tatu,
anazitazama saba zake,
ananitazama mimi.
"Nimpe nani?"

Mkaguzi amekalia kiti cha kitoto,
magoti yamemfika kidevuni,
kalamu i hewani.
Ningesema: humpi mtu, zinaondoka tu.
Zinaondoka kwenda wapi?
Mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha kutoa,
na swali hili ndiyo kwanza nalisikia.

"Mpe umpendaye."

Anainuka. Moja anampa Mzia,
na Mzia anaivua kofia ile haraka,
mpweke wake kapata mwenzi.
Ya pili anaishika kwa muda,
anazunguka nayo darasa zima kwa macho,
kisha anaitua, taratibu,
juu ya daftari la mkaguzi.

"Haya, zimebaki ngapi?"
"Saba."
"Hebu hesabu."
"Tano hapa. Moja kwa Mzia. Moja kwa mjomba."
Vidole vyake vyeusi kwa maganda mabichi,
rangi isiyotoka kwa sabuni wala kwa mate.
"Saba," anarudia. "Hazijafa."

Na mimi, mwenye cheti ukutani,
ninaandika ubaoni tano,
ninaitazama,
ninaandika pembeni yake, kwa herufi ndogo: *hapa*.

Jioni nakunja mkeka, nahesabu.
Asubuhi nilileta arobaini,
ambayo kwa Kigeorgia husemwa ishirini mbili.
Sasa ni ishirini, na kumi na tisa.
Nachungulia chini ya kabati, nyuma ya hita,
ndani ya viatu vya mvua vilivyosahauliwa.

Haipo.

Juu ya kile kiti kidogo
kuna kalamu.