Mpiga Chapa wa Nyawera

Mimi nalipwa kwa ukurasa,
kwa hiyo niamini ninaposema: punguza.

Mwaka wa kumi na nane huu nipo Nyawera,
kwenye kibanda chenye ubao uliofutika herufi mbili,
nikipiga chapa kazi zenu za mwisho wa masomo.
Mnakuja na makaratasi yaliyolowa mvua,
"Mama Nsimire, ni ya kesho saa mbili."
Kesho! Na umeme wa Bukavu ni mgeni wa harusi,
akishakula humwoni.
Anza leo. Mistari mitano, mibaya.
Mstari mbaya hupikika,
karatasi tupu utaitia chumvi wapi?

Utangulizi wako naujua kabla hujaketi:
"Tangu kuumbwa kwa ulimwengu, binadamu…"
Kwani hukuniambia unaandika bei ya maharagwe Kadutu?
Basi mwache Adamu alale.
Nenda kwa muuzaji, shika lile kopo la gigozi,
tia vidole chini, usikie tako lilivyobonyezwa kuingia ndani.
Andika hilo kwanza.
Kisha rudi uzipapase sentensi zako vivyo hivyo,
maana zipo nyingi za namna hiyo,
nje kopo zima, ndani robo haipo.

Unawaza kwa Kiswahili, unaandika kwa Kifaransa:
si aibu. Waza hadi mwisho kwa lugha unayoigombania bei,
ndipo uvuke.
Wanaovuka na wazo nusu
huwafichia maneno marefu, nami nayapiga tu, herufi kwa herufi,
nikihesabu faranga.

Sasa nisikilize, na usiniangalie hivyo.
Mwaka mmoja, usiku, kwa mwanga wa simu,
nilikuwa namwandikia kijana wa Panzi.
Sensa ya 1984, vidole vyangu vikaweka 1948.
Hakusoma tena. Nami sikuona.
Mwaka uliofuata akaja mwingine: sensa ya 1948.
Kisha binti mmoja wa Bagira, mtanashati: 1948.
Jana umeniletea wewe.
Kosa langu mwenyewe, mwanangu, limerudi nyumbani
limevaa jina lako.
Walimu wamelipitisha mara tatu.
Mimi ndiye mama yake, ningelisahauje?

Chukua. Sipigi hii.

Funga daftari, mweleze binti yangu pale anayeuza mandazi
hiyo sura yako ya pili.
Pale atakapokuuliza "halafu?" nawe ukameza mate,
pale tu ndipo hujui. Rudi usome pale,
si kitabu kizima, utachoka bure.
Halafu panda nacho mlima kwenda kwenu, ukikisoma kwa sauti.
Pumzi ikikatika kabla ya nukta
usiulaumu mlima.

Zihindula alinichukia wiki mbili nilipomwambia hayo.
Akarudi na kurasa thelathini badala ya sabini,
matope ya korongo la kwao bado kwenye viatu,
alikuwa amelipima kwa kamba, mvua hadi mvua.
Nilipata hasara siku ile.
Nilizisoma mara mbili, ya pili bila kupiga.

Haya, taa imewaka.
Wewe mwenye kanzu ya kijani, lete. Ni ya lini?